Filta Chafu Usiitupe Kabla Hujaipasua

Mara ya kwanza gari kunizimikia mlimani ilikuwa kwenye kona za juu ya Sigi, asubuhi ya mwezi wa nne, masika yamepamba moto na barabara ya kupanda Amani, milima ya Usambara, inateleza kama imepakwa sabuni. Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya injini ya 5L, ile ya cc 2,986 isiyo na tabo. Nilikuwa napanda nikiwa mtupu, nafuata pilipili manga na mikungu ya ndizi. Niko gia ya pili, nakanyaga mafuta, sauti inaongezeka lakini nguvu haiji. Ikaanza kukatakata. Nikarudisha gia ya kwanza, ikajikokota hatua kama hamsini, halafu ikazima.

Nilishuka, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikangoja. Baada ya robo saa nikapiga stata. Ikawaka papo hapo, ikatulia sailensa haitetemeki, kana kwamba si yenyewe iliyonigomea muda mfupi uliopita. Nikaondoka. Kilomita mbili mbele ikarudia mchezo uleule.

Mwenye gari la dizeli aishike dalili hiyo: inazima ikiwa na kazi, inapumzika, inawaka, inakwenda kidogo, inazima tena. Injini hii haina pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu iliyo mbele kwenye injini ndiyo inayovuta dizeli kutoka tenki la nyuma, na dizeli hiyo lazima ipite kwenye karatasi ya filta. Gari likiwa limesimama linaunguruma tu, linahitaji dizeli kidogo, na hata karatasi iliyoziba nusu inaweza kuipitisha. Mlimani mahitaji yanapanda, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, uchafu unabanwa kwenye karatasi, njia inafunga. Ukizima, ule mvuto unalegea, uchafu unaachia kidogo, dizeli inapenya. Ndiyo maana ukipumzika unadanganyika kwamba gari limepona.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo kama pacha: tundu la kupumulia la tenki likiziba, dizeli inatoka lakini hewa haiingii kujaza nafasi yake. Kuutambua ni rahisi. Gari likizima, fungua mfuniko wa tenki taratibu na utege sikio. Likivuta pumzi kwa mluzi, basi tatizo ni pumzi. La kwangu nililifungua palepale kwenye kona, halikusema kitu.

Nikageuza, nikateremka Muheza bila kufika Amani. Kijana mmoja pale barabarani akanibadilishia filta kwa nusu saa, akasukuma dizeli kwa kile kipampu cha mkono kilicho juu ya kichwa cha filta mpaka kikawa kigumu chini ya kiganja, gari likawaka. Ile ya zamani akaitupa kwenye karai la filta nyingine, na mimi nikamlipa nikaondoka nimeridhika. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa kijana alifanya kazi yake vizuri.

Wiki tatu baadaye, tatizo lilelile, safari hii kwenye mwinuko mdogo wa Mkanyageni, mahali ambapo hata baiskeli yenye mzigo inapanda. Filta nyingine. Haikumaliza mwezi. Kufikia hapo kila mtu kijiweni alikuwa na hukumu yake, na hukumu nyingi zilifanana: pampu imekufa. Nilishakubaliana bei na fundi mmoja wa kushusha pampu na kupima nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, na bei yenyewe ilikuwa ya kuuza ng'ombe.

Kabla sijampelekea gari, nilipita Ngamiani, mjini Tanga, barabara ya 13, kwa mzee mmoja ambaye sisi sote tunamwita Mjomba. Ni fundi wa dizeli tangu enzi za malori ya mkonge. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anafuta spana moja moja kwa kitambaa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Gari limekuwaje?"

Nikamsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akauliza swali moja tu: "Hizo filta ulizotoa ziko wapi?"

Nikamwambia mbili nimetupa, ya tatu bado iko kwenye gari.

"Umezika maiti wawili bila kuuliza walichokufa nacho," akasema. "Basi huyu wa tatu tusimzike hivyohivyo."

Ninaandika haya kwa sababu ya mambo niliyoyaona katika saa mbili zilizofuata. Nimeendesha dizeli miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kunionyesha.

Kabla ya kufungua filta, Mjomba alilaza chini yake chupa ya maji iliyokatwa shingo, akalegeza kile kibomba cha kutolea maji kilicho kitakoni, akasukuma kipampu cha juu mara sita, saba. Kilichotoka kwanza hakikuwa dizeli. Kilikuwa maji ya rangi ya chai ya mkandaa, na ndani yake vipande laini vyeusi vinaelea kama majani ya chai. Kisha ndiyo ikaja dizeli, ikapanda juu na kukaa peke yake. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, lita moja inakaribia gramu 840 wakati ya maji ni 1,000, kwa hiyo maji lazima yakae chini: chini ya chupa, chini ya filta, chini ya tenki.

"Taa haikuwaka?" akaniuliza. Kwenye dashibodi ya gari hili kuna taa ya njano ya kuonya kwamba maji yamejaa kwenye filta. Haijawahi kuwaka tangu ninunue gari, nami nilichukulia kwamba hiyo ni habari njema. Akainama, akavuta waya mmoja uliofungwa kwa utepe mweusi pembeni ya betri. Sensa haikuwa na mawasiliano. Mtu fulani kabla yangu alikata waya badala ya kutoa maji. Wewe unayesoma, washa swichi ya gari bila kuwasha injini na utazame: taa hiyo inapaswa kuwaka pamoja na nyingine na kuzimika injini ikishaamka. Kama haiwaki kabisa, huna taa.

Nilidhani atachukua msumeno wa chuma kukata kopo. Akakataa katakata. Msumeno unamwaga unga wa chuma, na unga huo ukiingia kwenye karatasi hutajua tena kama chuma ulichokikuta ni cha pampu au cha msumeno wako. Alitumia mkasi wa bati. Akatoboa tundu kwa msumari karibu na ukingo, akaingiza ncha ya mkasi, akakata kwa kuzunguka polepole kama anayefungua kopo la samaki. Kitako kikatoka. Akaivuta ile roho ya karatasi, akaikata kwa wembe kutoka kwenye kiini chake, akaibana katikati ya mbao mbili kwenye jiriwa mpaka dizeli ikaacha kudondoka. Kisha akaikunjua juu ya gazeti, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka ikawa ndefu kuliko meza.

Harufu ilitangulia. Dizeli nzima ina harufu yake, kila dereva anaijua. Hii ilikuwa na uchachu juu yake, kama embe bovu lililofungiwa kabatini.

Kisha rangi. Karatasi ya filta mpya ina rangi ya malai, au njano hafifu. Ikitumika vizuri kwa miezi inakuwa ya kijivu, kijivu kinachokolea sawasawa kutoka mkunjo hadi mkunjo. Kijivu hicho si ugonjwa, maana kazi ya filta ndiyo hiyo. Hata nyeusi peke yake si hukumu. Dizeli nyingi inayovutwa na pampu haichomwi: inazunguka ndani ya pampu kuipoza na kuilainisha, kisha inarudishwa tenkini ikiwa ya moto. Dizeli inayopashwa moto na kurudi, ikipashwa na kurudi, inaanza kuchakaa, inatengeneza chembe nzito za kilami ambazo ni ndogo mno lakini zikikutana zinashikana. Hizo zinapaka karatasi weusi mkavu usioteleza, ukigusa unabaki kidoleni kama masizi ya chungu. Gari linaloendeshwa sana na tenki chini ya robo linaona weusi huu mapema, kwa sababu dizeli ileile kidogo ndiyo inayozungushwa kila mara.

Kwa hiyo rangi inakuambia kilichopita. Haikuambii lini ubadilishe. Nimeona watu wanabadilisha filta kwa sababu tu "imekuwa nyeusi", na nimeona wengine wanaiacha filta ya rangi nzuri iliyokwisha kuziba. Karatasi ikinywa maji inavimba, mikunjo inalegea na kulaliana, na eneo la kupitisha dizeli linapungua nusu au zaidi hata kama rangi bado ni ya kuvutia. Mjomba alinionyesha mahali mikunjo minne ilipogandana ikawa kama kurasa za kitabu kilichoanguka kwenye maji. Hapo dizeli haipiti kabisa.

Karatasi yangu ilikuwa na rangi mbili, wala hazikuwa sawasawa. Nusu ya chini ilikuwa na utando mweusi unaong'aa, laini kama ute wa bamia. Mjomba akaupangusa kwa kidole gumba, akausugua na kidole cha shahada, akaninyooshea mkono nami nisugue. Uliteleza. "Huu uko hai," akasema.

Na ni kweli uko hai. Pale maji na dizeli vinapokutana, kwenye ule mstari mwembamba, ndipo bakteria na kuvu wanapopata makazi: chini wana maji, juu wana chakula. Mmoja wao anafahamika kwa wanasayansi kama Hormoconis resinae, na amesumbua hata matenki ya ndege, maana mafuta ya ndege nayo ni jamii ya mafuta ya taa. Bila maji hawastawi. Wakistawi wanatoa ute, na wanatoa asidi inayokula chuma. Uchachu niliounusa ulikuwa wao.

Rangi ya pili ilikuwa juu ya ute huo: madoa ya kahawia inayoelekea wekundu, makavu, yakisuguliwa yanakwaruza kama mchanga. Kutu. Mjomba akafunga sumaku ndani ya kipande cha karatasi na kuipitisha juu ya madoa. Chembe chache ziliruka zikashika, nyingi zikabaki. Akanieleza kwamba kutu nyekundu inashikwa na sumaku kwa shida sana, kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi. Uisaidie kwa macho na vidole. Akaigeuza karatasi kwenye jua, akaitazama kwa pembeni, anatafuta kinachometa. Chembe zinazometa ndizo habari mbaya kuliko zote. Zikishikwa na sumaku, ni chuma kimesagika mahali. Zisiposhikwa huku zinang'aa kama fedha, mara nyingi ni alumini ya mwili wa pampu yenyewe. Siku hiyo hakuona kitu.

Mwisho akageuza upande wa ndani, upande ambao dizeli inatokea baada ya kuchujwa. Ulikuwa wa malai, safi. Hapo ndipo aliponiokolea pesa. Upande wa ndani ungekuwa na madoa, maana yake karatasi imechanika au gundi ya mikunjo imeachia, na uchafu umekwisha kuingia kwenye pampu. Filta za bei ya kutupa zina aibu hiyo: mikunjo michache, karatasi nyepesi, gundi inayoachia ikishapata joto. Yangu ilikuwa imekufa ikiwa mlangoni, haijamruhusu mwizi kuingia.

Watu wanauliza kwa nini tuhangaike hivyo kwa kipande cha karatasi. Ndani ya pampu ya dizeli, vyuma vinavyosukumana vimekaa kwa nafasi ya maikroni chache tu, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu unakaribia maikroni 70. Tena pampu ya aina hii haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ileile inayoisukuma. Tone la maji likifika pale, kwa sekunde hiyo chuma kinasugua chuma bila kilainishi. Kwenye magari mapya ya komon reli, yale yenye bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, hali ni kali zaidi, presha inapita ba 1,000, na nozeli moja si ya bei ndogo.

Basi tukawa na majibu ya nusu: maji, kuvu, kutu. Swali likabaki, yanatoka wapi?

Mimi nilikuwa na jibu tayari, na nililitoa kwa hasira. Ni sheli. Kuna kituo kimoja ninachojaza mara kwa mara na nilikuwa na hakika wananiuzia maji. Nilikuwa nimeshamwambia maneno makali kijana wa pale mbele ya wateja wake, siku nilipobadilisha filta ya pili.

Mjomba akanituma nikalete ushahidi. Chupa tatu za maji za lita moja na nusu, zilizooshwa na kuanikwa mpaka zikauka kabisa. Ya kwanza nijaze kutoka kwenye mpira wa sheli moja kwa moja. Ya pili nivute kutoka kitako cha tenki langu, siyo juu. Ya tatu nijaze kutoka mahali pengine popote ninapochukulia dizeli.

Hapo pa tatu ndipo nilipokumbuka pipa la Muheza.

Kwa shangazi yangu, nje kidogo ya mji wa Muheza, nina pipa la chuma la lita 200. Ninalijaza bei ikiwa nzuri, kwa sababu safari za machungwa zinaanza saa kumi usiku na sitaki kutafuta sheli iliyofunguliwa saa hiyo. Pipa limesimama wima uani, mbali na jiko, mifuniko yake miwili nimeikaza kwa spana. Nilikuwa na hakika nalo kuliko sheli yoyote, maana nalijaza mwenyewe na ufunguo uko kwa shangazi.

Chupa tatu zikalala usiku mzima kwenye ukuta wa gereji, kila moja na alama yake. Asubuhi nilifika kabla ya Mjomba. Chupa ya sheli ilikuwa angavu, ukishika gazeti nyuma yake unasoma. Chupa ya tenki ilikuwa na kidole kimoja cha maji ya kahawia. Chupa ya pipa, niliyoivuta kwa mpira kutoka chini kabisa, ilikuwa na maji karibu theluthi, na kwenye mpaka wa maji na dizeli umekaa utando mweusi, mnene kama maziwa yaliyoganda.

Sikuelewa. Mfuniko umekazwa, maji yamepitia wapi?

Twende tukalione, Mjomba akasema, na tukaenda naye Muheza mchana uleule. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Juu ya pipa, ndani ya ule ukingo ulioinuka, kulikuwa na dimbwi. Majani mawili ya mwembe yanaelea. Mifuniko yote miwili imezama, maji yanaipita kwa upana wa kidole.

Akaniweka chini kwenye mkeka wa shangazi na kunifafanulia, nami nikaona aibu kwamba sikuwahi kulifikiria. Pipa linapumua. Mchana jua linapiga, hewa iliyo juu ya dizeli inapata joto, inatanuka, inajipenyeza nje kupitia nyuzi za mfuniko. Usiku au mvua ikipiga bati lile la moto, hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na pipa linavuta. Linavuta kilicho karibu na mdomo wake. Kama mdomo uko chini ya dimbwi, linavuta maji. Kidogo tu kila siku, hayahisiki, lakini masika ya Tanga ni miezi mitatu. Mfuniko unaozuia dizeli isimwagike haulazimiki kuzuia mvuto wa namna hiyo, hasa mpira wake ukiwa umekauka.

Na maji yale yalipokaa chini miezi yote, kuvu wakazaliwa, asidi ikala chuma cha pipa, kutu ikajichanganya na ute, nami nikawa navuta yote hayo kwa mpira saa kumi usiku, gizani, na kuyamimina kwenye tenki langu kwa mikono yangu.

Dawa ya pipa ni nyepesi mno kulinganisha na hasara yake. Lilaze ubavu, mifuniko yake miwili ikae kushoto na kulia kwenye usawa mmoja, kama mishale ya saa inayoonyesha saa tatu na robo, ili dizeli iifunike kwa ndani na mvua isipate mahali pa kukaa kwa nje. Weka vigingi lisibingirike. Kama lazima lisimame, liinamishe kwa tofali chini ya upande mmoja ili dimbwi likae mbali na mifuniko, na ulijengee paa hata la makuti. Na unapovuta, usifikishe mpira chini kabisa. Acha sentimita kumi za mwisho zibaki kwa ajili ya kumwagwa mahali salama.

Watu wengi wa pwani wanalaumu unyevu wa hewa, kwamba tenki likilala nusu tupu hewa ya bahari inatoa jasho ndani. Ni kweli inatoa, na kujaza tenki jioni ni desturi njema. Lakini jasho hilo ni matone. Ukikuta maji ya kujaza kikombe, usimsingizie upepo wa Raskazone, pale ufukweni Tanga. Tafuta pipa, tafuta dumu, tafuta mfuniko wa tenki usio na mpira.

Kazi ya kusafisha ilichukua siku mbili. Tenki lilishushwa, likaoshwa mara tatu, chujio dogo lililo kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea ndani ya tenki likakutwa limevaa ute kama soksi. Hilo watu wanalisahau. Unaweza kubadilisha filta ya mbele mpaka uchoke, na mzibo uko nyuma. Njia ya haraka ya kutenganisha mbele na nyuma ni dumu: weka dumu dogo la dizeli safi juu zaidi ya injini, lifunge lisianguke, chomoa bomba linalotoka tenkini na uingize la dumu, likipitia filta mpya. Gari likipanda mlima vizuri namna hiyo, pampu yako haina hatia. Ugonjwa uko nyuma.

Baada ya kuunganisha tukapata jambo jingine. Gari likawa linawaka vizuri jioni, asubuhi linasumbua. Kwa kuwa njia yote kutoka tenki hadi pampu iko kwenye mvuto, pakiwa na upenyo hapadondoki dizeli nje. Hewa ndiyo inaingia ndani. Ukitafuta unyevu hutaona. Mjomba alifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, tukaona mapovu madogo yanapita moja moja kama shanga. Oringi, ule mpira wa duara wa kuziba, ya kwenye kichwa cha filta ilikuwa imejikunja. Tukaipaka dizeli, tukaikalisha upya, tukafunga kwa mkono bila spana. Mapovu yakakoma.

Filta mpya nayo aliifunga ikiwa tupu, akaijaza kwa kipampu cha mkono. Nilitaka kumsaidia kwa kuimiminia dizeli kwanza, kama nilivyoona wengi wakifanya. Akanishika mkono: ukimimina kupitia tundu la katikati, umeweka dizeli isiyochujwa upande uliochujwa, na kila kilichomo kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu.

Sijasema lolote kuhusu mafuta ya taa, na msomaji wa Tanzania lazima ataniuliza. Tunajua historia yake: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za siri, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchakachua dizeli kwa kuyachanganya humo kusiwe na faida. Lakini kwa suala la filta, tuwe makini. Mafuta ya taa hayaachi rangi kwenye karatasi. Yanapita kama wageni wastaarabu. Madhara yake ni kwamba hayalainishi kama dizeli, kwa hiyo utayaona baadaye, kwenye zile chembe zinazometa. Anayekuonyesha filta nyeusi na kukuambia "wamekuchakachulia" anabahatisha.

Nilirudi sheli. Kijana yule nilimkuta zamu ya mchana, nikashuka kwenye gari, nikamwomba radhi mbele ya watu kama nilivyomfokea mbele ya watu. Nilikuwa na ile chupa yake angavu, nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda, akaniuliza kama anaweza kubaki nayo amwonyeshe bosi wake. Nikamwachia.

Wiki iliyopita nilifikisha kilomita 10,000 tangu siku ile. Filta ilikuwa bado inavuta vizuri, sikuwa na dalili yoyote, lakini niliitoa na kwenda nayo barabara ya 13. Sasa mkasi ninaushika mimi. Kilichotoka kitakoni kilikuwa dizeli tupu. Karatasi ilikuwa ya kijivu, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna ute, hakuna kutu, upande wa ndani safi.

Mjomba akaipeleka kwenye jua na kuiinamisha. Akaniita. Kwenye mkunjo wa tano na wa sita palikuwa na chembe tatu, ndogo kuliko ncha ya sindano, zinang'aa. Tukapitisha sumaku, hazikutikisika. Zinaweza kuwa zimezunguka kwa bomba la kurudishia kutoka kwenye pampu, kutoka ile miezi ya maji.

"Mbili tatu si ugonjwa," akasema. "Andika."

Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kopo: tarehe, kilomita, chembe tatu. Nimeliweka kwenye rafu ya gereji yake, na pembeni yake nimeacha nafasi ya lijalo.